Si Tofali Lanishika

Usiku wa saa mbili,
Magongo, kwake Bilali,
ninafunga kwa kufuli,
mkono ukanishika.

Kwa nyuma alinijia,
kooni kanivamia,
simu mbili kachukua,
sauti ikakauka.

Askari kituoni
kanitazama usoni:
"Ulimwona sura gani?"
Harufu tu nakumbuka.

Nyumbani dada Umazi
kasema, "Wacha machozi,
katafute mazoezi,
ujifunze kuchomoka."

Mimi wa arubaini,
na maumivu gotini,
nirushe teke hewani?
Wajukuu watacheka!

Lakini kazi ni kazi,
ndiyo chai, ndiyo ndizi;
nitamwachiaje mwizi
barabara kuishika?

Cha kwanza nilichoona,
Tudor, ukumbi mpana,
vikombe vimepangana,
kuta zimefunikika.

Akapangiwa tofali,
kavuta pumzi kali,
"Hayaa!" — likawa mbili;
wanafunzi wakaruka.

Nami nikampa sifa,
ngumi yake ni maafa;
ila nina taarifa:
si tofali lanishika.

"Mkanda mweusi, mama,
miaka saba mizima."
Nami nikawaza, jama,
mwizi atangoja mwaka?

Nikamshukuru sana,
kwa heri ya kiungwana;
kazi yake nimeona,
yangu haijatajika.

Nyali nako nikaenda,
vioo vimejitanda,
kila mtu ajipenda,
jasho halijamtoka.

Binti wa mapokezi
akataja ya miezi
mitatu, pia mavazi:
ashinda hata kibaka!

Na kioo, ewe somo,
chanipa uso na kimo;
mwizi wangu ndani hamo,
nyuma ndiko alitoka.

Cha tatu sikutumai,
ngazi mbovu, hazifai,
panukia rangi, chai:
Chaani, juu ya duka.

Turubai sakafuni,
godoro moja pembeni,
kunguru wa dirishani
watatu, wamejiweka.

Walikuwapo wenzangu:
nesi, muuza mafungu,
msichana kama wangu,
sare yake yachanika.

Mwalimu, jina Wakesho,
mfupi, hana vitisho,
shati limelowa jasho,
goti moja limechoka.

Hakuuliza uzani,
wala pesa mfukoni;
kasema, "Njoo, jirani,
ulishikwa vipi? Shika."

Nikamkaba kwa nyuma
kama yule wa dhuluma,
mikono ikatetema,
yote nikayakumbuka.

Kidevu akakishusha,
kiwiko kakirudisha
polepole, kuonyesha
mlango wa kuponyoka.

"Lakini hilo la pili;
la kwanza ni jambo hili:
paza sauti kikweli,
majirani watatoka.

"Pesa? Mwachie aende.
Roho ndiyo uilinde.
Ukitoka, wende, wende,
hata viatu kutoka."

Sauti? Tangu utoto,
"Shusha hiyo, we mtoto!"
Nimefunzwa kwa ufito
nisije nikasikika.

Kwanza ikaja nyembamba
kama bawaba ya chumba;
ya tatu ikajigamba,
kunguru wakatimka.

Mwenye misumari chini
kauliza, "Kuna nini?"
Wakesho, toka ngazini:
"Mwanafunzi amefika."

Nikalipa kwa sarafu
mia mbili, tena chafu;
hakuna risiti ndefu,
jina tu kaliandika.

Sijui kama naweza,
goti bado laniliza.
Jana, kukitanda giza,
kibandani nikatoka:

ufunguo kwa kushoto,
kulia mtupu, moto;
nyuma, viatu vizito —
Pumzi. Nikageuka.